Kusafisha Kichujio cha Maji ya Mvua na Kuondoa Tope Lake: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale kila mvua zinapokaribia. Kichujio kimesafishwa, mchanga wa juu umebadilishwa, lakini baada ya mvua mbili tatu maji yamesimama tena. Wengine hufanikiwa kuyafungua maji, kisha tope walilolitoa hulirundika kando ya mtaro ili likauke, na mvua ya usiku hulirudisha lilikotoka.

Mambo haya mawili yana mzizi mmoja: kazi imeanzia katikati na kukatishwa kabla ya mwisho wake. Kichujio hakiangamizi uchafu. Kinautoa kwenye maji na kuuweka kwenye tope. Zinki ya mabati na matairi, shaba ya breki, mafuta ya injini, fosforasi ya mbolea, vyote vimo humo, tena vimejazana kuliko vilivyokuwa majini. Ukisafisha vizuri kisha ukatupa ovyo, umekusanya uchafu wa eneo zima na kuumwaga mahali pamoja.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia juu, maji yanapoingia, na unaishia pale tope linapofika mahali ambapo mvua haiwezi kulichukua tena. Unahusu mifumo midogo na ya kati ya maegesho, karakana, shule, masoko na majengo ya makazi: chemba ya mashapo mwanzoni (shimo ambamo mchanga na tope hutuama), kisha kichujio cha mchanga, cha katriji (kopo la kubadilishwa lenye kitu cha kuchujia ndani yake), au bustani ya kuchuja (kitanda cha udongo na mimea kinachochuja maji).

## Vifaa vya kuandaa

Vya kupimia
- Bomba jepesi au mti mrefu wenye alama za sentimita, na bamba bapa la upana wa sentimita 15 lililofungwa mwishoni. Bila bamba, mti utazama kwenye tope laini na kukupa kipimo cha uongo.
- Futikamba, kalamu isiyofutika kwa maji, daftari, na mchoro wa mfumo unaoonyesha kina cha kila chemba ilipojengwa.

Vya kutolea
- Mtaimbo au ndoano ya kuinulia mifuniko.
- Koleo na beleshi lenye mpini mrefu, reki, ndoo zenye kamba imara, toroli.
- Pampu ya maji machafu, au gari la kunyonya tope kama chemba ni kubwa.
- Puto au plagi ya kuziba bomba la kutokea. Mifuko ya mchanga nayo inafaa kwenye mtaro ulio wazi.
- Pedi za kunyonya mafuta.

Vya kukaushia na kuhifadhi
- Plastiki nene ya kutandika chini, turubai ya kufunika juu, na mifuko ya mchanga ya kuzungushia ukingo.
- Pipa au tangi la kukusanyia maji yanayochuruzika.
- Chujio la kuchujia rangi ya kupaka, la umbo la koni, kikombe chenye alama ya mililita 100, na chupa za kioo zenye mfuniko kwa ajili ya sampuli.

Vya kinga
- Glavu nzito zisizopenya mafuta, mabuti ya mpira, miwani ya kinga, barakoa ya vumbi, fulana za kung'aa, na koni au uzio wa kuzuia watu na magari.
- Kifaa cha kupima gesi kinachosoma oksijeni, gesi zinazolipuka na salfidi ya haidrojeni.
- Maji safi na sabuni. Panya huishi kwenye mitaro, na mkojo wao hueneza ugonjwa wa leptospirosi kupitia mikwaruzo ya ngozi. Anayefanya kazi hii awe pia amepata chanjo ya pepopunda.

Vya kurudishia
- Mchanga uliooshwa, katriji mpya au matandazo mapya, kulingana na aina ya kichujio chako.

## Hatua ya 1: Tafuta pa kupeleka tope kabla ya kufungua mfuniko

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu kazi nzima. Mara tope likishatoka, lina uzito, linanuka, na kila mtu aliye karibu anataka liondoke leo. Hapo ndipo linapoishia kwenye korongo la jirani.

Wasiliana na mamlaka ya mazingira au halmashauri ya eneo lako na uulize mambo manne: dampo gani linapokea tope la mitaro ya mvua, linataka vipimo gani vya maabara, linakubali tope la unyevu kiasi gani, na nani ana kibali cha kulisafirisha. Andika majibu na jina la ofisi iliyokujibu.

Kisha kadiria ujazo. Chemba ya mviringo yenye kipenyo cha mita 1.2 ikiwa na tope la kina cha sentimita 30 ina takriban mita za ujazo 0.34, yaani ndoo 17 za lita 20. Tope bichi huwa na uzito wa tani 1.3 hadi 1.6 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo chemba hiyo moja ni karibu nusu tani. Ndoo iliyojaa hukaribia kilo 30. Panga kuzijaza nusu na uongeze watu badala ya kuumiza migongo.

Chagua siku kavu yenye utabiri wa siku kadhaa bila mvua. Wakati bora ni mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, kwa sababu mvua hizo ndizo zinazosomba vumbi na mafuta yaliyolala juu ya lami miezi yote.

## Hatua ya 2: Kagua mfumo wakati wa mvua na baada yake

Ukaguzi wa siku kavu unakuonyesha nusu tu. Nenda pia mvua inaponyesha, ukae mbali na ukingo, utazame maji yanapita wapi. Yanaingia kwenye kichujio, au yanakipita kupitia njia ya dharura? Kama yanapita pembeni wakati wa mvua ya kawaida, kichujio chako hakifanyi kazi hata kama kinaonekana kisafi.

Mvua ikishakatika, anza kuhesabu saa. Kichujio kinachofanya kazi vizuri hukausha maji yaliyosimama juu yake ndani ya saa 24 hadi 48. Yakizidi saa 72, kuna kizuizi, na pia unafuga mbu: kwenye joto, yai la mbu huweza kufikia kuruka kwa takriban wiki moja.

Usidhani mara moja kwamba kosa ni la mchanga. Bomba la chini, linalokusanya maji yaliyochujwa chini ya mchanga, likiziba kwa mizizi, au bomba la kutokea likifunikwa na takataka, huleta dalili zile zile. Kama kuna bomba la ukaguzi, yaani bomba la wima linaloshuka hadi chini ya mchanga, pima kina cha maji ndani yake. Maji yakiwa yamesimama juu ya mchanga huku bomba la ukaguzi likiwa kavu, ngozi ya tope imeziba uso wa mchanga. Yakiwa yamejaa kote kuwili, kizuizi kiko chini au kwenye njia ya kutokea. Kipimo hiki cha dakika chache huokoa kazi ya kubadilisha mchanga usio na hatia.

## Hatua ya 3: Pima kina cha tope

Chemba ya mashapo ni ile ambayo sakafu yake iko chini kuliko bomba la kutokea, ili mchanga na tope vibaki humo. Nafasi hiyo ya chini ndiyo inayookoa kichujio kinachofuata.

Shusha mti wenye bamba taratibu mpaka uhisi umegusa tope, bila kusukuma. Soma kina kutoka ukingo wa mfuniko. Kisha toa kipimo hicho kwenye kina cha chemba kilichoandikwa kwenye mchoro. Kama mchoro haupo, geuza mti upande usio na bamba, usukume hadi sakafu ngumu, na uandike namba hiyo. Itakufaa miaka yote. Pima sehemu tatu: chini ya bomba la kuingilia, katikati, na karibu na bomba la kutokea.

Safisha tope linapofika nusu ya nafasi iliyo chini ya bomba la kutokea. Wengi husubiri ijae kabisa wakidhani wanabana matumizi. Kadiri tope linavyopanda, ndivyo maji yanavyopita karibu nalo na kwa kasi zaidi, na mvua kubwa hulichimbua na kulisukuma lote kwenye kichujio kwa saa moja. Hapo ndipo mchanga mpya unapoziba baada ya mvua mbili tatu.

## Hatua ya 4: Ziba njia ya kutokea, kisha ondoa taka na mafuta

Weka uzio. Ziba bomba la kutokea la chemba ya mashapo. Usipoliziba, kila koleo utakaloingiza litatuma wingu la tope kwenye kichujio.

Toa plastiki, majani na chupa kwa reki, uvitenge kwenye mifuko yake. Ukiona utando wa mafuta unaong'aa, laza pedi za kunyonya juu yake kabla ya kugusa maji. Yakichanganyika na tope, mafuta hayo yatageuza mzigo wote kuwa taka ya gharama kubwa zaidi. Pedi zilizotumika ziweke kwenye chombo chenye mfuniko. Zisichomwe.

Simamisha kazi ukisikia harufu kali ya petroli, au ukiona maji yenye rangi usiyoitarajia, rangi ya kupaka nyumba au kemikali. Mtu amemwaga kitu. Tope hilo sasa linahitaji mtaalamu mwenye kibali cha taka hatari, na mamlaka zinapaswa kujua.

## Hatua ya 5: Toa maji, kisha tope, ukiwa juu

Naomba sehemu hii isomwe na kila mtu atakayekuwepo kazini, akiwemo anayeshika kamba tu.

Usiingie kwenye chemba. Majani na tope vinapooza bila hewa hutoa salfidi ya haidrojeni na methani, na hula oksijeni. Salfidi ya haidrojeni hunuka mayai viza mwanzoni, lakini ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni hupooza uwezo wa pua kunusa. Mtu hudhani gesi imetoka kumbe imezidi. Tope lililotulia huificha gesi hiyo na kuiachia linapokorogwa, kwa hiyo chemba iliyopimwa ikawa salama asubuhi inaweza kuua mara koleo la kwanza linapoingia. Na wengi wanaokufa kwenye mashimo ya namna hii ni wale walioruka kumwokoa mwenzao.

Kazi yote ya mfumo mdogo hufanyika kutoka juu kwa mipini mirefu, ndoo na pampu. Pima gesi hata hivyo, kwa sababu utakuwa umeinama juu ya tundu. Pima juu, katikati na chini: methani ni nyepesi kuliko hewa, salfidi ya haidrojeni ni nzito. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5, au salfidi ya haidrojeni ikifika sehemu 10 kwa milioni, ondokeni kwenye tundu na acheni mfuniko wazi ndani ya uzio upate hewa. Hakuna sigara wala cheche. Ikilazimu mtu kuingia, hiyo ni kazi ya kikosi chenye mafunzo, mkanda wa kuinulia, kipulizia hewa na msimamizi wa nje. Mtu akianguka ndani, mvute kwa kamba aliyofungwa au ita zimamoto. Usimfuate.

Sasa maji. Yaache yatulie usiku kucha kabla ya kupampu, maana muda ndio unaotenganisha. Chembe ya mchanga laini ya milimita 0.1 hushuka mita moja kwa dakika 2 hivi. Chembe ya milimita 0.01 huchukua zaidi ya saa 3. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ya milimita 0.002 huchukua siku tatu au nne. Ukipampu mara tu baada ya kukoroga, unapampu tope.

Ning'iniza mdomo wa pampu karibu na uso wa maji, uushushe kidogo kidogo kadiri maji yanavyopungua. Maji hayo yasimwagwe kwenye mtaro wa chini. Yaweke kwenye tangi, uyarudishe polepole kupitia kichujio kitakapokuwa kimesafishwa, au uyapeleke kwenye mfumo wa majitaka kama una ruhusa ya maandishi. Pampu ikianza kunywa tope, simama.

Kinachobaki kitoe kwa koleo na ndoo au kwa gari la kunyonya. Tope la chemba hii, ambalo mara nyingi ni mchanga mzito, liwekwe mbali na tope laini utakalolitoa kwenye kichujio. Sababu utaiona kwenye hatua ya 8.

Umemaliza pale mti wako unapogonga sakafu ngumu sehemu zote tatu na kuta zinaonekana. Angalia nyufa na viungo vya bomba kwa tochi kabla ya kufunika. Usisuuze chemba kwa mpira wa maji huku plagi imetolewa. Suuza ikiwa imezibwa, kisha pampu tena.

## Hatua ya 6: Safisha kichujio chenyewe

### Kichujio cha mchanga

Kinachoziba ni ngozi nyembamba ya juu. Chimba kishimo kidogo kwa mkono utazame rangi: juu ni nyeusi au kijivu, chini mchanga unarudi kwenye rangi yake. Ondoa mpaka hapo rangi inapobadilika, kwa kawaida sentimita 3 hadi 8, wala usizidishe. Simama juu ya mbao pana, kwa sababu nyayo hukandamiza mchanga na kutengeneza kizuizi kipya pale pale unapoondoa cha zamani.

Usijaribu kuuosha mchanga mahali ulipo kwa mpira wenye msukumo. Utazisukuma chembe laini ndani zaidi, na safari ijayo italazimu kutoa mchanga wote.

Mchanga wa kurudishia upime kwanza. Jaza nusu ya chupa angavu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uache. Mchanga utalala chini mara moja, na udongo laini utajenga tabaka juu yake baada ya saa chache. Tabaka likionekana wazi kwa jicho, au maji yakibaki ya rangi ya chai ya maziwa, mchanga huo haujaoshwa. Usiuweke, hata kama gari limeshaumwaga. Hii ni sababu ya pili ya vichujio kuziba mara baada ya matengenezo: watu huziweka chembe laini kwa mikono yao wenyewe.

Mchanga mpya uwe na ukubwa wa chembe unaofanana na ule uliobaki. Usambaze kwa reki mpaka kina cha awali kirudi, uache usawa bila kushindilia.

### Kichujio cha katriji

Fuata kijitabu cha mtengenezaji kwa namna ya kuifungua. Katriji iliyoloa inaweza kuzidi kilo 100, kwa hiyo tumia kapi au winchi na kulabu zake. Mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa maalumu wa kunasa uchafu uliomo kwenye baadhi ya katriji, hauoshwi ukarudi kuwa mpya, hubadilishwa. Toa tope lililo kwenye sakafu ya chemba kabla ya kuweka katriji mpya, kagua kila mpira wa kuzibia, na hakikisha katriji imekaa wima hadi mwisho. Mpira uliopinda huruhusu maji yapite pembeni bila kuchujwa, na hutaona dalili yoyote kwa nje.

### Bustani ya kuchuja

Hapa kazi kubwa iko mdomoni, maji yanapoingia. Kwangua ukoko wa tope kwa beleshi bapa, badilisha matandazo yaliyochafuka, rudisha mawe yaliyosombwa, punguza mimea bila kuing'oa mizizi. Mizizi hufungua njia za maji ardhini, ndiyo sababu bustani yenye mimea hai huchelewa kuziba.

## Hatua ya 7: Kausha tope

Madampo mengi hayapokei tope linalotoa maji, na kusafirisha maji ni kulipia mzigo usio na faida.

Chagua sehemu tambarare yenye mteremko mdogo, mbali na mtaro, kisima na watoto. Tandika plastiki, zungushia mifuko ya mchanga, elekeza upande wa chini kwenye pipa. Mwaga tope kwa unene usiozidi sentimita 20 hadi 30. Lundo nene hukauka juu tu. Ligeuze kila siku moja au mbili. Funika kwa turubai usiku na mvua inapotishia, ukiacha pembeni hewa ipite. Maji yaliyochuruzika yanafuata njia ile ile ya maji ya chemba.

Kujua kama limekauka vya kutosha, kuna kipimo rahisi ambacho madampo ya Marekani hukitumia rasmi. Weka mililita 100 za tope kwenye lile chujio la kuchujia rangi, ulining'inize juu ya kikombe kwa dakika 5. Likidondosha hata tone moja, bado lina maji huru. Chukua tope la kupimia katikati ya lundo.

Usilikaushe mpaka liwe vumbi. Metali nyingi hukaa kwenye chembe laini kabisa, na hizo ndizo zinazopeperuka na kuvutwa puani. Lenye unyevu wa udongo wa bustani, lisilodondosha, ndilo unalolitaka.

## Hatua ya 8: Chukua sampuli na uelewe majibu

Chota kutoka sehemu zisizopungua tano za lundo, juu na ndani, kwa kijiko safi cha chuma. Changanya kwenye bakuli safi la chuma, jaza chupa ya kioo hadi mdomoni, andika tarehe na chanzo, uiweke kwenye sanduku la barafu, karibu nyuzi 4 za selsiasi, mpaka maabara. Plastiki haifai kwa sampuli ya mafuta. Mchanga mzito na tope laini ni sampuli mbili tofauti.

Omba kupimwa kwa zinki, shaba, risasi, kadimi na haidrokaboni za petroli (yaani mabaki ya mafuta), pamoja na chochote kilichotajwa na dampo kwenye hatua ya 1.

Majibu huwachanganya watu kwa sababu kuna vipimo viwili. Kimoja husema kiasi gani kimo ndani ya tope, kwa miligramu kwa kilo. Kingine husema kiasi gani kinaweza kuvuja likilowana, kwa miligramu kwa lita. Kikomo cha kimoja hakilinganishwi na jibu la kingine. Katika kipimo cha kuvuja kinachotumika Marekani, tope huzungushwa kwa takriban saa 18 ndani ya kimiminika chenye asidi kidogo, uzito mara 20 ya tope lenyewe. Kwa hiyo hata kila kitu kikivuja, jibu haliwezi kuzidi jumla ikigawanywa kwa 20. Kikomo chao cha risasi ni miligramu 5 kwa lita. Tope lenye risasi chini ya miligramu 100 kwa kilo haliwezi kukifikia. Kama nchi yako inatumia kipimo cha aina hiyo, anza na kile cha jumla. Huenda kikatosha.

Na hapa ndipo utengaji unapolipa. Mchanga mzito mara nyingi ni msafi zaidi, na mamlaka zinaweza kuruhusu utumike kujazia chini ya barabara au kufunikia taka dampo. Ukiuchanganya na tope laini, umeupoteza wote. Kinyume chake, kuongeza udongo safi kwenye tope chafu ili lipite kipimo ni udanganyifu. Kiasi cha sumu ni kile kile, mzigo tu ndio umeongezeka.

## Hatua ya 9: Safirisha na ukabidhi

Tandika plastiki ndani ya gari, usijaze hadi ukingoni, funika kwa turubai, hakikisha mlango wa nyuma umebana. Fagia kilichomwagika kabla gari halijaondoka. Usikioshe kwa maji.

Tope lisipelekwe kingo za mito, bonde oevu, shamba la mboga, uwanja wa kuchezea, wala kwenye shimo la majitaka. Mkulima akiliomba kwa sababu ni jeusi na linafanana na mboji, mkatalie kwa upole na umweleze sababu. Atakayekula mazao ya shamba hilo ni mtoto wa mtu.

Mzigo uliofika salama una stakabadhi ya dampo yenye tarehe na uzito. Msafirishaji asipokuletea, mfuatilie siku hiyo hiyo. Linganisha uzito wa stakabadhi na makadirio yako. Ukiona nusu haipo, uliza iliteremshwa wapi.

## Hatua ya 10: Fungua, jaribu, andika

Toa plagi. Hili husahaulika, na mvua inayofuata hujaza uwanja. Rudisha mifuniko, ondoa uzio, osha zana juu ya plastiki ile ile ya kukaushia.

Rudisha polepole maji uliyohifadhi kwenye tangi kupitia kichujio, ukipima yanashuka kwa kasi gani. Maji ya kina cha sentimita 30 yakiisha kwa saa 24, uso unapitisha milimita 12.5 kwa saa. Andika namba hiyo. Ndiyo utakayoilinganisha mwaka ujao, na itakuonyesha kichujio kinavyochoka muda mrefu kabla maji hayajasimama.

Daftari liwe na tarehe, kina cha tope kabla ya kusafisha, ujazo uliotolewa, majibu ya maabara, stakabadhi na saa za kukauka baada ya mvua ya kwanza. Kwa namba hizo unapanga ratiba yako mwenyewe. Tuseme nafasi ya mashapo ni sentimita 60, na miezi minne baada ya kusafisha tope limefika sentimita 20. Kikomo ni 30, hivyo una takriban miezi miwili ya hali kama hiyo. Kama mvua kubwa ziko mbele, usisubiri miwili. Pima tena baada ya mvua kubwa ya kwanza.

Tope likijaa haraka kuliko msimu uliopita, acha chemba na upande juu ya mteremko. Tafuta ujenzi mpya, lundo la mchanga lisilofunikwa, nyasi zilizokufa au mtaro unaomomonyoka. Tope linalofagiwa juu ya lami likiwa kavu hutolewa kwa ufagio na toroli, bila plagi, pampu wala kipima gesi.